Roma, Mbwaa na Swali la Mzee wa Nchiru

Nalipokuwa mtoto wa chuo, kabla sijajua kwamba duniani kuna mji uitwao Roma, nalijua kwamba kuna Rum. Maalimu wetu alitusomesha sura yenye jina hilo kwa bakora na kwa upole, kila kimoja kwa zamu yake, na akatueleza kwamba Warumi walishindwa na Waajemi, kisha baada ya miaka michache wao ndio waliokuwa washindi. Sisi tuliokaa jamvini hatukujali sana nani alimshinda nani. Lililotukaa vichwani ni himizo la mbele kidogo katika sura hiyo hiyo, kwamba watu watembee katika ardhi wautazame mwisho wa waliowatangulia. Kutembea kulitupendeza, maana kungetutoa chuoni.

Nimetembea, ndugu msomaji. Safari hii nalikwenda Meru kwa njia ya Embu, kwa mwaliko wa rafiki yangu anayefundisha historia katika shule moja ya sekondari. Alitaka niwazungumzie wanafunzi wake juu ya kupanda na kuanguka kwa dola ya Kirumi. Kwa nini mshairi wa pwani aitwe mlimani kusimulia habari za Ulaya, naona ni kwa kuwa alimkosa mtu mwingine. Walakini nilijitayarisha. Basi lilipotoka Embu mjini likapita Runyenjes, likavuka mto Thuchi, likaingia Chuka, mimi nilikuwa nikipanga maneno yangu, na hata tulipoteremka kwenye daraja la Nithi, ambalo abiria hulipita kimya kwa sababu ya roho za watu zilizopotea pale, mawazo yangu yalikuwa kwa akina Kaisari.

Nikawaambia wanafunzi yale yanayoambiwa watu siku zote. Kwamba Roma ilianza kama vijiji juu ya vilima, ikawafukuza wafalme wake mwaka 509 kabla ya Kristo, ikaivunja Carthage mwaka 146, ikapata kaisari wake wa kwanza, Augusto, mwaka 27. Kwamba Wagothi waliupora mji mwaka 410 baada ya Kristo, na mwaka 476 kaisari wa mwisho wa upande wa magharibi, kijana mdogo, akaondolewa kitini na jemadari wa kigeni aitwaye Odoacer. Niliongeza kwamba upande wa mashariki, ile Rum ya maalimu wangu, uliendelea hadi mwaka 1453. Kisha nikatoa funzo nililokuja nalo mfukoni: anasa, uvivu na kuharibika kwa tabia ndivyo vilivyoiangusha Roma. Wanafunzi wakaandika madaftarini. Hapana somo lililo jepesi kuliko hilo, kwa kuwa kila mwenye mvi hudhani vijana wa zama zake wameharibika.

Jioni yake mwalimu alinichukua hadi kwa baba yake, upande wa Tigania, si mbali na Nchiru ambako ndiko makao ya baraza la Njuri Ncheke. Mzee huyo ni mmoja wao. Nikamwamkia, akaitikia, tukaletewa chai ya maziwa mengi, na mwanawe akamsimulia kwa Kimeru niliyoyasema darasani. Mzee alisikiliza mpaka mwisho bila ya kukatiza. Ndipo akaniuliza kwa Kiswahili: "Hao watu wako walioanguka, nani alikuwa akiwachotea maji?"

Sikuwa na jibu.

"Mwanangu," akasema, "wewe umesimulia habari za wenye nyumba. Sisi tunajua habari za wachota maji." Akaanza kunisimulia Mbwaa.

Msomaji wa bara huenda anaijua hadithi hii, lakini wa pwani aghalabu haijui, na ndiye inayemhusu zaidi. Wameru husimulia kwamba asili yao ni mahali paitwapo Mbwaa, penye maji makubwa, na kwamba huko walitawaliwa na watu waitwao Nguo Ntune, yaani nguo nyekundu. Neno nguo, kama uonavyo, tunalo sote. Watawala hao waliwatumikisha, na walipotaka kuwamaliza wakawa wanawapa kazi zisizowezekana. Kwa namna nilivyosimuliwa mimi, waliambiwa walete ndama anayetoa kinyesi cheupe, na wazee wakapata hila ya kumlisha. Wakaambiwa walete kiatu chenye manyoya pande zote mbili, hilo nalo likapatikana kwa hila. Mwisho wakaambiwa wafue mkuki unaofika mbinguni. Hapo wazee wakatambua kwamba kwa wakubwa wa namna hii kila jibu huzaa swali jingine. Usiku wakaondoka. Mzee wao akayapiga maji kwa fimbo, yakagawanyika, wakavuka, na kwa saa walizovukia wakapata majina ya makundi matatu: Njiru, weusi, waliovuka gizani, Ndune, wekundu, waliovuka kukipambazuka, na Njeru, weupe, waliovuka jua limekwisha toka.

"Na hao Nguo Ntune," nikauliza, "ni nani?"

Mzee akaniangalia kanzu yangu, akacheka mpaka akakohoa. "Si nyinyi?"

Kuna wataalamu walioishughulikia hadithi hii. Mmarekani Jeffrey Fadiman, aliyewahoji wazee wa Meru mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliiweka Mbwaa katika kisiwa cha Manda, mkabala wa Lamu. Wengine hawakubali, na wanasema fimbo ile inayogawanya maji inanuka Nabii Musa na shule za wamisheni. Mimi si hakimu wa kesi hiyo. Lakini Manda naijua. Nimepita mara nyingi kwenye magofu ya Takwa, mji uliositawi katika karne ya 16 na ya 17 na kisha ukahamwa. Msikiti wake ungali umesimama na nguzo yake juu ya kibula, na nje ya ukuta kuna kaburi lenye nguzo na tarehe ya mwaka 1094 wa Hijria, sawa na 1683. Tukiuliza kwa nini watu walihama, huambiwa kwamba visima viliingia chumvi na kwamba Pate iliwasumbua kwa vita. Yote hayo yawezekana. Usiku ule chini ya Nyambene nilifikiri kwa mara ya kwanza kwamba mji unaweza kukosa maji kwa njia nyingine pia, ikiwa waliokuwa wakiyachota wameondoka.

Sisi wa pwani tumefundishwa kuililia Pate. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi juu ya fahari yake iliyozimika, na hapana mtoto wa mashairi asiyelijua. Tumefundishwa kwamba ufahari hupita. Hatukufundishwa kuuliza nani alikata yale matumbawe baharini, nani alichoma chokaa, nani alipalilia mashamba ya bara yaliyoilisha Pate, na watu hao walisema nini fahari ilipoondoka. Sisemi haya kuwatukana wazee wangu. Nasema kwamba kilio chetu kina sauti moja, na huko mlimani nilisikia sauti ya pili.

Nilipolala nikaipitia upya Roma yangu kwa swali la mzee, nikaona mambo yanageuka. Kwanza, dola ile ilipanda kwa kufungua mlango. Miji mingi ya kale ilipomshinda jirani ilimfanya mtumwa tu. Roma nayo ilikuwa na watumwa wengi kupita kiasi, lakini iliwapa wengi wa walioshindwa njia ya kuwa Warumi. Mwaka 48 Kaisari Claudio aliwaingiza wakuu wa Gaul katika Seneti, watu ambao babu zao walipigana na Roma, na mwaka 212 Karakala akawapa uraia karibu watu huru wote wa dola. Wapo wasemao alifanya hivyo ili apate watu wengi wa kutozwa kodi. Bila shaka yumo ukweli. Serikali aghalabu hukukumbuka kwamba wewe ni mwananchi inapofika siku ya kulipa.

Pili, iliteremka kwa kuwaelemea wale waliokwisha kuingia. Vita vya mipakani na vya kugombea kiti vilitaka fedha, na fedha ilipopungua wakubwa wakaichanganya. Denari ya wakati wa Augusto ilikuwa karibu fedha tupu. Kufika mwaka 270 sarafu iliyoitwa ya fedha haikuwa na fedha hata sehemu 5 katika 100. (Neno dinari tulilopokea kwa Waarabu ni mjukuu wa denari hiyo, jina limeishi kuliko thamani.) Bei zikapanda, na mwaka 301 Kaisari Diocletian akatoa amri ya kuzifunga bei kwa nchi nzima, mvunjaji auawe. Bidhaa zikatoweka sokoni na amri ikafa. Kisha ikaamriwa kwamba madiwani wa miji wafidie kwa mali zao kodi isiyopatikana, na watoto wao wairithi kazi hiyo wapende wasipende. Mwaka 332 sheria ikaruhusu mkulima anayekusudia kuliacha shamba la bwana wake afungwe minyororo. Hebu fikiri, msomaji: dola iliyokuwa ikigombewa mlangoni na wanaotaka kuingia, sasa inafunga watu kwa minyororo wasitoke.

Na bado walitoka. Katikati ya karne ya tano padri mmoja wa Marseille, jina lake Salvian, aliandika kwa uchungu kwamba wanyonge wa Kirumi walikuwa wakiwakimbilia Wagothi kwa ajili ya kodi, wala hawakutamani kurudi. Nilipoyakumbuka hayo niliamka nikaketi kitandani. Hii ni Mbwaa! Ni watu wale wale, usiku ule ule, na mkuki ule ule unaotakiwa ufike mbinguni. Odoacer alipokuja mwaka 476 alikikuta kiti ambacho watu wengi hawakuwa na sababu ya kukitetea.

Asubuhi mwalimu alinikumbusha jambo la karibu zaidi. Mwaka 133 kabla ya Kristo, Tiberio Gracchus alitaka ardhi ya umma iliyohodhiwa na matajiri igawiwe raia waliokuwa hawana hata shibiri, nao wakiwa ndio waliopigana vita vya Roma. Maseneta na wafuasi wao wakamuua kwa marungu, na nduguye Gaio naye akafa katika ghasia za siasa mwaka 121. Tangu hapo, siasa za Roma zikaizoea damu. Mwalimu akasema, "Sisi tunaye Baimungi." Msomaji mzee atakumbuka. Wapiganaji wa Mau Mau wa Meru na Embu walipotoka msituni uhuru ulipopatikana, Musa Mwariama alipokewa na Mzee Kenyatta, akaishi hadi mwaka 1989. Baimungi, aliyekuwa naye na cheo cha Jemadari Mkuu, hakuridhika na alichokiona kuhusu ardhi, akarudi msituni, na mwaka 1965 akauawa na askari wa serikali ile aliyoipigania. Nimesema askari wa Roma walipigana bila ya kuwa na shibiri. Waliopigana hapa wana watoto na wajukuu, na mashauri ya mashamba hayajesha mahakamani.

Isidhaniwe nimekwenda mlimani nikakuta pepo. Yako mema, nayo nitayasema. Embu walikuwa na vizazi viwili, Kimanthi na Nyangi, vikipokezana uongozi kwa zamu, na kupokezana huko kulikuwa na sherehe yake na karamu yake. Mtu alijua tangu ujana kwamba zamu yake itafika na kwamba itapita. Roma haikulipata hilo. Mwaka 193 walinzi wa kaisari walimuua bwana wao kisha wakakinadi kiti, na tajiri mmoja aliyetoa zaidi akakaa juu yake siku 66 kabla hajauawa naye. (Nawaomba wasomaji wasitazamane.) Kati ya mwaka 235 na 284 makaisari zaidi ya 20 walipita, na waliokufa kwa maradhi wanahesabika kwa vidole. Meru nao walitawaliwa kwa mabaraza, na Njuri haikuwa na jela wala jeshi la kudumu. Ilikuwa na faini ya mifugo, kiapo, na haya.

Lakini kuingia Njuri kuliwataka watu mbuzi na ng'ombe, na maskini alibaki nje. Na wanawake walibaki nje wote. Matokeo yake yalionekana mwaka 1956. Kabla ya hapo serikali ya kikoloni ilikuwa imekwisha kuivuta Njuri karibu yake, na aliyefanya kazi kubwa hapo ni H. E. Lambert, aliyekuwa mkuu wa wilaya Embu na Meru, na ambaye sisi wa pwani tunamjua kwa jambo jingine kabisa, kwa kuwa ndiye aliyeandika vitabu juu ya Kivumba, Kijomvu na Kingare. Alizipenda mila na alizisoma kwa bidii. Ila baraza linalopewa nguvu na serikali huanza kusikiliza upande ule nguvu zinakotoka. Mwaka 1956 Njuri ikapiga marufuku tohara ya wasichana. Marufuku yenyewe mimi naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini jambo lile lilikuwa mikononi mwa wanawake, na katika baraza hapakuwa na mwanamke hata mmoja wa kulijadili. Wasichana wakaingia vichakani wakatahiriana wenyewe kwa wenyewe, wakajiita Ngaitana, yaani nitajitahiri mwenyewe, na katika miaka mitatu watu zaidi ya 2,400 wakashtakiwa. Amri njema ikapita njia ya amri ya bei ya Diocletian, na wasichana ndio walioumia kwa wembe.

Nilimtajia mzee habari hiyo kwa hadhari. Hakukasirika. Alisema tu kwamba alikuwa mtoto wakati huo, na dada yake mkubwa alikuwa mmojawapo wa Ngaitana. Akanyamaza, nami nikanyamaza.

Jina la Seneti, kwa Kilatini, limetoka katika neno la mzee. Ni baraza la wazee, si zaidi. Kenya tulikuwa nayo baada ya uhuru, ikafutwa mwaka 1966, ikarudi kwa katiba ya 2010. Na imekuwa kama kwamba Seneti hiyo imejaribiwa kwa watu wa mlima huu. Gavana wa kwanza nchini kuondolewa kwa kura ya Seneti alikuwa wa Embu, Martin Wambora, mwaka 2014. Mahakama zikamrudisha, na mwaka 2017 wapiga kura wakamchagua tena. Agosti 2024 Seneti ikamwondoa gavana wa Meru, Kawira Mwangaza, baada ya majaribio mawili yaliyoshindikana, na Machi 2025 Mahakama Kuu ikaithibitisha hukumu. Nani alikuwa na haki, wenye kuzisoma hukumu wataamua. Mimi namhesabia raia wa Igembe au Mbeere miaka aliyoishi akisubiri wakubwa wamalize kesi zao, huku naye akilipa kodi kila anaponunua sukari.

Nasema kodi kwa makusudi. Juni 2024 vijana wa nchi hii walitoka barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, na tarehe 25 wakaingia Bungeni. Wengi wakapoteza maisha. Kesho yake Rais akasema hatautia sahihi. Wakubwa waliwaita majina mengi vijana wale. Mimi nawaona ni afadhali kuliko wale walionyamaza. Anayekuja mlangoni kwako kukupigia kelele bado anadhani nyumba ni yake.

Kabla ya kuondoka nalirudi darasani kwa rafiki yangu. Niliwaambia wanafunzi wafute funzo la anasa na uvivu, wakafuta kwa furaha. Kisha nikawauliza: kama leo mtu angewapa pasipoti na tikiti, nani angeondoka Kenya? Mikono iliyobaki chini ilikuwa michache. Msichana mmoja wa mstari wa mbele alisema dada yake yuko Saudia anafanya kazi za nyumbani, na kaka yake mwenye shahada anangojea nafasi Qatar. Nikamwuliza dada yake anafanya kazi gani hasa. "Kila kitu," akasema, "kufua, kupika, kuteka maji."

Mwalimu akanitazama. Sikuwaambia wanafunzi kwa nini nilichelewa kuendelea.

Mzee alinisindikiza hadi barabarani, ambako gari za miraa zilikuwa zikijitayarisha kuteremka kwa mwendo ule wao wa kutisha. Nikamtania kwamba kama sisi ndio Nguo Ntune, basi wamekwisha kulipiza, maana kila jioni Lamu na Mombasa wanapokea majani ya Meru na kuyalipa kwa fedha taslimu. Alilipenda hilo. Nikamkaribisha aje Manda, nikamweleza kwamba watu wa Shela, ambao asili yao ni Takwa, mpaka leo huvuka kwenda kwenye magofu yale kuomba mvua, na kwamba nitamwonyesha visima.

Akafikiri. Akasema atakuja baada ya kuchuma kahawa, akiwa na mwanawe. Ila alitaka kujua kwanza jambo moja, kama mashua zetu siku hizi zina mashine, au itambidi aje na fimbo.